Usiniambie Walipo

Mugumu, Serengeti
Jumapili, 4 Septemba 2022

Dada Waisiko,

Shikamoo. Usishtuke kuona barua, hakuna aliyekufa. Nimemkabidhi kondakta Nyangwine wa basi la asubuhi akuletee mkononi, hapo dukani kwako Nyamisangura. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, hata kama ni mtu wa nyumbani.

Simu yangu nimeanza kuizima, kwa hiyo ukinipigia usinipate usiwaze mabaya. Unajua mimi ni mwalimu wa uraia. Sasa wameniomba nizungumze kwenye kongamano hapa mjini kuhusu huu muswada wa kulinda taarifa za watu, na kuhusu nani aruhusiwe kusikiliza simu ya nani, au kujua mwenye simu yuko wapi. Nikaona anayekwenda kusema maneno hayo naye aipumzishe simu yake kidogo.

Nataka na maoni yako. Wewe unasemaje? Serikali ikitaka kujua simu ya mtu iko wapi, ijue tu, au iombe ruhusa kwanza?

Habari za hapo? Mpwa wangu Ryoba anasemaje? Bado yuko kwenye maduara yake, yale mashimo ya dhahabu, au amerudi mjini? Nijibu kwa njia hii hii ya Nyangwine. Mambo ya nyumbani tusiyaseme kwenye simu kwa sasa. Nina sababu zangu.

Mdogo wako,
Simoni


Nyamisangura, Tarime
8 Septemba 2022

Mdogo wangu Simoni,

Marahaba. Hakuna aliyekufa, unasema! Nilipomwona Nyangwine anavuka barabara na bahasha nilikaa kwanza juu ya gunia la ulezi. Wateja wakaanza kunipa pole. Siku nyingine mwambie acheke wakati anakuja.

Maoni yangu nakupa bure. Mwaka jana walipovunja zizi langu, nani alinisaidia? Watu walipiga yowe, vijana wakafuata nyayo, wakapotezwa na mvua. Ni Method, yule kijana wa upelelezi, aliyeifuata simu ya mwizi mmoja kutoka mnara hadi mnara mpaka karibu na Sirari. Waliwakuta wamelala kichakani na ng'ombe wangu wamefungwa. Wangechelewa kidogo wangekuwa Kenya. Wale ndio ng'ombe waliobaki baada ya kumtolea Ryoba mahari. Bila wao mimi ni mjane wa hivi hivi tu. Kwa hiyo wafuate, na wasikilize. Kwangu watasikia bei ya ulezi, hadi wachoke.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikutaka kulisema kwenye simu, maana Ryoba ameona aibu. Mkewe Bhoke ametoroka. Mwezi sasa. Ryoba aliporudi kutoka mgodini akakuta nyumba imefungwa. Anasema ameondoka na mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyekuwa akija pale mara kwa mara. Simoni, amemchukua na mtoto. Wajina wangu! Unajua yule mtoto alivyonizoea, hata uji hanywi mpaka nimwimbie. Nyumba imekuwa kimya, sisikii hata mtu akivunja kikombe.

Ryoba ni mwanangu wa pekee na ninamwona anavyokonda. Nimekwenda kwa Method mwenyewe. Nimemwambia, "Uliniletea ng'ombe, niletee na mkwe wangu na mjukuu." Amechukua namba ya Bhoke. Amesema ana rafiki kwenye kampuni ya simu, laini ikiwashwa tu watamjua alipo.

Niombee wapatikane.

Dada yako,
Waisiko


Mugumu
13 Septemba 2022

Dada Waisiko,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena. Nakuomba kitu kimoja, na kama umewahi kunisikiliza tangu nizaliwe, nisikilize leo. Mwambie Method aache.

Ng'ombe walikuwa wameibiwa. Kulikuwa na kesi, na kulikuwa na watu wa kushtakiwa. Bhoke hajaiba kitu. Ni mtu mzima aliyeondoka nyumbani kwake kwa miguu yake. Askari hana haki ya kumfuata mtu kama huyo kwa sababu tu jamaa zake wamemkosa, na huyo rafiki yake wa kampuni ya simu anavunja sheria zilizopo tayari, hata kabla hatujafika kwenye hii inayokuja.

Kongamano lilikuwa jana. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilisema simu ya mtu siku hizi ni kama kifua chake, ndani yake kuna kila anachokifikiri, na hakuna wa kukifungua bila kibali cha hakimu. Mzee mmoja mfugaji akasimama akaniuliza, "Mwalimu, wewe ng'ombe wako waliibiwa lini?" Ukumbi mzima ukacheka. Mfanyabiashara mmoja akasema asiye na kosa haogopi. Watu wakampigia makofi kuliko mimi.

Kisha akasimama mama mmoja, Elieth, anayepika chai kule kwenye maduara. Akasema, "Mimi naomba kuuliza tu. Huyu anayejua kutafuta wezi, akishawamaliza wezi, atatafuta nani?" Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akatangaza muda wa soda.

Dada, umemuuliza Ryoba ni kwa nini mwanamke aiache nyumba mpya ya bati la rangi, aondoke na mtoto mgongoni bila hata sufuria? Muulize hilo kabla hujamtuma askari. Muulize mkiwa wawili.

Mdogo wako,
Simoni


Nyamisangura, Tarime
Jumapili, 18 Septemba 2022

Simoni,

Leo sikuitikii shikamoo.

Umejuaje kwamba Bhoke hakuchukua hata sufuria? Mimi sikukuandikia hilo. Niliisoma barua yako, nikasema labda Ryoba amekusimulia. Nikajidanganya siku chache hizi.

Leo tumetoka kanisani, Ryoba yupo, tumeketi tunakula, Method akaingia bila hata kubisha. Hakutaka maji wala ugali. Akasema, "Mama, mtu wako amepatikana. Ijumaa jioni laini iliwashwa dakika chache. Yuko Mugumu, upande wa nyumba za walimu."

Nilimtazama Ryoba. Aliweka tonge chini, akanawa mikono polepole. Akaniambia, "Mama, Mugumu tuna mwalimu gani?" Kisha akasema, "Mjomba amenifichia mke. Mjomba wangu mwenyewe, mnayesema nimheshimu kuliko baba."

Simoni, mimi nilikubeba mgongoni. Baba alipokufa ni mimi niliyeuza mahindi uvae sare. Unajua nilivyolia usiku kwa ajili ya yule mtoto, nami nikakuandikia yote, na wewe ukakaa naye hapo ukiniandikia mambo ya ukumbini! Kumbe hiyo ndiyo sababu ya kuzima simu. Nimekupigia leo tangu saa nane, haipatikani, haipatikani. Ningekuambia kwa mdomo wangu.

Ryoba amekwenda mgodini kuwachukua wenzake wawili, anasema hataki kusafiri peke yake. Jumatano anapanda basi la Nyangwine kuja huko. Mpokee kama mtoto wako. Mpe mkewe na mwanawe waje nyumbani, yaishe. Kama kuna ugomvi wao tutaukalia kikao hapa, mbele ya wazee, kama watu wengine.

Waisiko


Mugumu
Jumanne asubuhi, 20 Septemba 2022

Mama,

Shikamoo. Ni mimi Bhoke. Mjomba amenisomea barua yako jana jioni. Nimemwomba karatasi nikuandikie mwenyewe, usimkasirikie yeye. Mimi nilimwapisha asikuambie. Alitaka kukuambia siku ya kwanza. Nilimwambia akikuambia naondoka, na sina pa kwenda.

Hakuna mnunuzi wa dhahabu. Yule mtu alikuja mara mbili kupima, mara ya pili akaomba maji, nikampa. Ndiyo hilo tu.

Mama, zamani Ryoba hakuwa hivi, unajua. Tulipokuwa tunalima alikuwa mtu wa kucheka. Dhahabu ilipotoka akaanza kusema kila mtu anamwibia. Wachimbaji wanamwibia, wenye karasha la kusagia mawe wanamwibia, mimi namwibia. Akiwa kule ananipigia simu niseme niko wapi. Nikisema niko dukani, ananiambia nimpe mwenye duka aongee naye. Akirudi anaikagua simu yangu, jina hadi jina. Jina asilolijua ananipiga kwa hilo. Alinipiga kwa jina la fundi cherehani. Alinipiga kwa jina la mwalimu wa kwaya, ambaye ni mama mwenye wajukuu.

Unakumbuka mwezi wa nne ulipokuja nikiwa nimefunga mkono? Ryoba alikuambia nimeteleza kisimani. Uliniletea dawa ya kuchua, ukanichua mkono usiku ule. Ulikuwa unanitazama machoni, na mimi nakutazama. Hukuuliza. Nilingoja uulize.

Usiku wa kuamkia siku niliyoondoka aliniinulia sururu. Hakunipiga nayo. Aliishusha, akakaa kitandani akalala. Mimi sikulala. Asubuhi alipokwenda mgodini nikambeba mtoto.

Kuhusu Ijumaa. Mtoto anakuulizia kila jioni. Huwa anakataa uji. Ile sauti uliyomtumia kwenye simu wakati wa Pasaka, ukimwimbia, bado ninayo. Nikaona niwashe simu kidogo tu aisikie. Aliisikia, akanywa uji wote. Nikazima. Sikujua kwamba dakika hizo zinatosha.

Nimekuandikia haya si kwa ajili ya kukufanya umchukie mwanao. Ni kwa sababu umemwambia mjomba anikabidhi kwa Ryoba. Mimi sirudi, Mama. Kama ni ng'ombe wa mahari, baba yangu atarudisha wale waliobaki, hata kama ni kidogo kidogo.

Mkweo,
Bhoke


Nyamisangura, Tarime
Jumanne jioni, 20 Septemba 2022

Bhoke, mwanangu,

Ondoka hapo. Chukua mtoto uondoke, usisubiri barua nyingine.

Nimetoka kwa Method sasa hivi. Nilimwambia aache, nimeondoa maneno yangu, simtafuti mtu tena. Akacheka. Akasema, "Mama, hii kazi si yako tena. Ryoba mwenyewe ameshazungumza na mimi, na amezungumza vizuri." Nikamwambia nitamshtaki. Akaniambia, "Utamshtaki nani, na wewe ndiye uliyeleta namba?"

Kesho Ryoba yuko kwenye basi hilo hilo litakaloleta barua hii. Nimemwomba Nyangwine aifiche mwilini. Usiwashe ile simu, hata mtoto alie namna gani.

Nilikuwa najua ule mkono haukuwa wa kisimani. Nilijua wakati nakuchua.

Waisiko


Mugumu
Jumapili, 25 Septemba 2022

Dada Waisiko,

Shikamoo. Mwandiko utauona mbaya, nimevimba jicho moja. Tulia kwanza. Bhoke na mtoto ni wazima, hawakukutwa.

Barua yako ya hasira ndiyo iliyowaokoa. Ulitaja Jumatano. Bhoke alipomaliza kukuandikia ile barua yake Jumanne nilizunguka nikitafuta usafiri, na Jumatano alfajiri, kabla basi la Tarime halijafika hata nusu ya njia, alikuwa ameshatoka hapa, amekaa mbele kwenye lori la fuso pamoja na mama mmoja ninayemwamini. Simu yake alimwachia mke wangu, haina hata betri.

Ryoba alifika saa saba na wenzake wawili. Nyangwine alinipa mkono kunisalimia, barua yako ikawa ndani ya kiganja. Nilimkaribisha Ryoba ndani. Alinisalimia kwa shikamoo, na mimi nikaitikia, dada. Alikaa. Akatazama kila kona ya sebule. Akaona kiatu kimoja cha mtoto chini ya kiti, akakiokota, akakitia mfukoni.

"Mjomba, wako wapi?"

"Hawako hapa."

"Walikuwepo."

"Walikuwepo."

"Wamekwenda wapi?"

"Sitakuambia, Ryoba."

Akasema, "Nipe simu yako." Nikamwambia simu ni yangu. Akacheka kidogo, ingawa macho yalikuwa na machozi. "Serikali inaona mke wangu yuko wapi. Rafiki wa Method huko kwenye kampuni anaona. Mimi mwenye mke ndiye nisione?" Nikaanza kumweleza, unajua ninavyoeleza, kwamba hata hao hawakupaswa kuona. Hakungoja nimalize. Alinipiga ngumi ya jicho, nikaanguka na kiti. Mwenzake mmoja, kijana anayeitwa Kisyeri, akamshika akisema, "Mura, kijana wewe, huyu ni mjomba wako!" Hakusikia.

Nakuambia hili wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliponiinulia mkono mara ya pili niliifungua simu. Niliweka namba ya siri kwa kidole changu nikampa. Siku tisa kabla nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikasema ni kama kifua. Namshukuru Mungu hakukuwa na neno lolote la Bhoke mle. Lakini alikaa kwenye kiti changu akapiga namba moja baada ya nyingine mbele yangu, wazazi wa wanafunzi, mchungaji, mama Elieth wa kongamano, akiwauliza wote swali moja kwa sauti ya upole. Wengine walimpa pole. Kisha akaondoka na simu. Kila aliyewahi kuniandikia jambo lake la siri, mtoto wa shule, mzazi mwenye shida, sasa yuko mfukoni mwa Ryoba. Nawafuata mmoja mmoja kuwaomba radhi, na sijui niseme nini nikifika.

Walipo Bhoke na mtoto ni salama. Sitaandika hapa. Ukija Mugumu nitakuambia kwa mdomo, hata kukupeleka nitakupeleka. Una haki ya kumwona mjukuu wako. Njoo.

Mdogo wako,
Simoni


Nyamisangura, Tarime
Jumapili, 9 Oktoba 2022

Mdogo wangu Simoni,

Marahaba, na pole ya jicho. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na safari ya karibu lakini ndefu.

Nilikwenda kituoni, kwa mkubwa wa Method. Nilikaa kwenye benchi siku mbili ndipo akanipokea. Barua ya Bhoke sikwenda nayo. Ni yake, aliniandikia mimi. Nilisema ninayoyajua mwenyewe tu. Nilisema Method alitoa habari za mtu asiye na kosa, na kwamba mwanangu amempiga mjomba wake na kumpora simu. Yule mkubwa akaweka kalamu chini. "Mama, si ni wewe uliyeomba atafutwe?" Nikamwambia, "Ni mimi. Andika hivyo hivyo. Andika Waisiko aliomba, na askari akakubali bila kuuliza kwa nini." Akaandika. Sasa wanasema wanachunguza. Method bado ninamwona barabarani, ananipita kama hanijui. Ryoba walimweka ndani siku mbili, akatoka. Simu yako waliyomkuta nayo wamesema ni kielelezo cha kesi, utaipata siku wakimaliza. Kwa hiyo sasa iko kwao, nayo imefunguliwa. Nasikitika kukuletea habari hiyo.

Hapa sokoni wanabishana habari ya huo muswada kila siku, redio imewasha moto. Wananivuta na mimi kwa sababu ya ng'ombe wangu. Zilpa wa duka la vitenge, ambaye ndugu zake wote wako ng'ambo ya Sirari, ananiambia, "Waisiko, wewe ndiye shahidi wao, waambie simu zifuatwe." Nikamwambia ng'ombe wangu walirudi vizuri na sijuti. Mwizi atafutwe. Lakini anayetafuta akaombe kwa hakimu, jina lake liandikwe, na siku moja aliyetafutwa aambiwe kwamba ulitafutwa na fulani kwa sababu fulani. Wakaniuliza nimeyatoa wapi hayo. Nikarudi kupima ulezi. Kuna mambo nimeyatoa nyumbani kwangu na sitayaanika kwenye soko.

Sasa jambo ulilonialika.

Ryoba anakuja hapa kila jioni. Hanisalimii, ila anakuja. Anakaa nje kwenye ngazi mpaka giza linaingia. Juzi alitoa kile kiatu cha mtoto mfukoni, akakiweka sakafuni mbele yangu, akasema, "Mama, niambie tu kama anakula." Akalia. Simoni, ni mtoto wangu. Alipokuwa na degedege nilitembea naye mgongoni kutoka Turwa mpaka hospitali, mvua inanyesha, nikimwita jina lake njia nzima asilale. Aliponililia juzi, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Kama ningekuwa najua, ningesema. Ningesema wako mahali fulani, kwa fulani, nenda kwa upole. Nilimjibu sijui, na alinitazama usoni kwa muda mrefu, akaona ni kweli. Ndipo akainuka akaondoka.

Kwa hiyo siji Mugumu. Usiniambie walipo. Usiniandikie, usimtume Nyangwine, na hata siku nikizidiwa nikaja mlangoni kwako nikakupigia magoti, usiniambie. Najijua.

Bhoke mwambie nimepata barua yake. Ng'ombe hakuna wa kurudisha, nimeshazungumza na baba yake.

Mtoto akinililia, msimdanganye kwamba bibi amesafiri. Mwambieni bibi yupo Tarime, nyumbani, mzima, na hajui walipo kwa sababu mwenyewe aliomba asijue. Hataelewa sasa. Mwambieni tena akikua.

Dada yako,
Waisiko